Wasomaji Wanauliza: Makanisa Makongwe ya Unguja

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: makanisa ya zamani ya Unguja na namna ya kuyatembelea. Tumezipunguza urefu, maswali tumeyaacha yalivyo.

*Nawapeleka wanafunzi 36 wa kidato cha tatu kwenye kanisa la Mkunazini. Kila kitabu kina tarehe yake: soko la watumwa lilifungwa lini, kanisa lilijengwa lini, utumwa ulikwisha lini? Na tukiingia ndani tuanzie wapi? — Mwalimu wa historia, Tanga*

Mwalimu, ziandike tarehe tatu ubaoni kabla hamjaondoka, maana waongozaji wengi huzichanganya zikawa moja. Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba, Waingereza wakimsukuma kupitia konseli wao John Kirk. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku na masoko yakafungwa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1897 ndipo sheria ilipoacha kuutambua utumwa wenyewe Unguja na Pemba. Hesabu hapo: miaka 24 ambayo soko halipo lakini mtumwa yupo, yuko shambani anachuma karafuu. Mwanafunzi akilishika hilo, safari imelipa nauli yake.

Utaona pia kwamba kanisa hili, lililojengwa kwenye kiwanja cha soko hilo na ambalo huitwa la kikoloni, limeitangulia himaya. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa, na ibada ya kwanza ikasaliwa humo Krismasi ya 1877, Sultani akiwa bado ndiye mwenye nchi. Wajenzi walikuwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) chini ya Askofu Edward Steere, na sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji.

Mkiingia kwa mlango mkubwa, msikimbilie mbele. Wasimamishe penye birika la ubatizo waziangalie nguzo za hapo karibu kwa dakika tano bila kuambiwa kitu. Nguzo ya kawaida ina kitako kinene chini na taji lililochongwa juu. Waulize hizi zikoje. Masimulizi ya hapo ni kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mtoto aliyeligundua mwenyewe hatalisahau.

Kisha nendeni madhabahuni. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu: hapo, kwa mapokeo ya kanisa, ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Karibu na hapo kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ulikozikwa moyo wa Livingstone, mmisionari aliyeipinga biashara ya watumwa. Alifariki tarehe 1 Mei 1873, kiasi cha mwezi mmoja kabla ya mkataba, kwa hiyo hakuiona siku ya soko kufungwa. Steere mwenyewe, aliyezikusanya ngano za Unguja akazichapa mwaka 1870, na aliyetafsiri Maandiko kwa Kiswahili, amezikwa nyuma ya madhabahu. Wengi hupita bila kujua wako umbali wa hatua tatu kutoka kwake.

Wapeni kazi ya nyumbani moja. Wataambiwa Sultani aliomba mnara wa kanisa usizidi Beit al-Ajaib, jumba lake la Forodhani, kwa urefu, na Askofu alipokubali akazawadiwa saa ya mnarani. Beit al-Ajaib ilikamilika 1883. Steere alifariki 1882. Hadithi yaweza kuwa na punje ya kweli, ila tarehe zinaibana mbavu. Waijadili.

Kwa idadi yenu, gawanyeni makundi mawili ya watoto 18. Moja liwe kanisani, jingine kwenye maonyesho ya historia ya utumwa na kwenye sanamu za nje, zile za watu watano ndani ya shimo wakiwa na mnyororo shingoni. Badilishaneni baada ya dakika 45. Wakiingia wote pamoja, walio nyuma hawasikii, na asiyesikia huanza kupiga picha za vichwa vya wenzake.

*Nimeambiwa vyumba vya chini pale Mkunazini ndimo walimofungiwa watumwa. Jamaa mmoja akaniambia ni uongo mtupu. Nani mkweli? Na mapapasi wa Mji Mkongwe nitawaepuka vipi? — Msomaji, Dodoma*

Vyumba vyenyewe vipo: vya chini, dari fupi, vidirisha vyembamba kama mwanya wa sanduku la posta. Lakini jengo lililo juu yake ni la misheni, lilikuwa hospitali, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo watafiti kadhaa wanaona vilikuwa stoo za hospitali. Sisi tunaegemea upande wao. Hiyo haipunguzi chembe ya yaliyotendeka kwenye kiwanja hicho: soko lilikuwepo, watu waliuzwa hapo, na mkataba wa kulifunga upo. Ingia uone, ila usijenge imani yako yote juu ya chumba kimoja. Mwenye pumu au anayeogopa mahali finyu abaki juu. Joto la mle ndani si mchezo, na mrefu atainama mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu mapapasi, hao wanaojipachika kuwaongoza wageni, Kiswahili chako ndiyo ngao. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi, uliza mambo matatu kwa sauti ya kawaida: kiingilio cha mkazi ni kiasi gani, kiongozi yumo ndani ya bei hiyo au analipwa kando, na tiketi inahusisha kanisa na maonyesho yote mawili? Chukua kitambulisho, maana bei ya mkazi na ya mgeni hazifanani na hutaaminiwa kwa lafudhi peke yake. Ukitaka kiongozi wa mji mzima, mwambie akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi, mkubaliane bei na saa kabla ya hatua ya kwanza. Ugomvi mwingi huanzia kwenye neno "utanipa chochote tu". Chochote ya asubuhi siyo chochote ya jioni.

*Sisi ni kwaya ya watu 40. Tunataka kwenda Unguja siku moja na kurudi, tuone makanisa yote na kuimba. Inawezekana? — Katibu wa kwaya, Morogoro*

Kuona inawezekana, kuona yote kwa siku moja hapana. Chagueni Mkunazini na Minara Miwili, yaani kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Mbweni, kusini mwa mji, iacheni kwa mwaka mwingine.

Boti ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam huchukua kiasi cha saa mbili. Laleni Dar usiku wa kuamkia safari, maana mkitoka Morogoro alfajiri foleni ya Kimara itawaamulia ratiba. Fikeni bandarini saa nzima kabla, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Katibu asikusanye vitambulisho vyote kwenye bahasha moja. Mtu mmoja akichelewa, wote mnasimama. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo huchafuka. Wanaotapika wakae sitaha ya chini upande wa nyuma, wale kitu chepesi kikavu kabla, wasikae na simu machoni. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vichochoro hujaa maji na majoho yatalowa.

Mkishuka Malindi, tembeeni. Hadi Mkunazini kwa kupitia Darajani ni kama dakika 15 kwa mwendo wa kundi. Kutoka hapo hadi Minara Miwili ni dakika kumi nyingine kwa vichochoro, na hapo ndipo kwaya hupotezana. Wekeni mtu mmoja mbele, mmoja nyuma, na kila kona wa katikati asimame hadi wa mwisho apite.

Kuimba kunahitaji barua. Iandikieni parokia wiki tatu kabla: jina la kwaya, idadi, tarehe, saa, nyimbo mbili au tatu, na kama mna kinanda au hamna. Msiombe Jumapili asubuhi, kwani hiyo ni saa ya wenyeji kusali. Na tafadhali acheni spika nyumbani. Paa la Mkunazini ni kuba refu la zege, sauti huzunguka mle na kurudi. Wimbo wa haraka wenye maneno mengi utageuka uji. Chagueni wa polepole, bila ala, na mwalimu wa kwaya ahesabu pigo moja zaidi kwenye kila kituo. Besi wapunguze.

*Mimi ni fundi mwashi. Niliona kuta za kanisa moja la zamani zimepigwa saruji juu ya chokaa na sasa zinabanduka vipande vipande. Kosa ni nini? Na ni kweli paa la Mkunazini halina boriti? — Fundi, Bagamoyo*

Fundi, swali lako tunalipa nafasi kubwa kwa sababu walinzi wengi wa majengo haya hawalijui jibu.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe lina matundu, na limebeba chumvi ya bahari tangu lilipochimbwa. Maji hupanda kutoka ardhini na kuingia kwa mvua, kisha hutafuta pa kutokea. Plasta ya chokaa huyaruhusu: unyevu hupita, hukauka nje, chumvi huachwa juu juu kama unga mweupe, unaifagia. Ukibandika saruji, umefunga mlango. Unyevu hukwama nyuma ya saruji, chumvi huganda humo humo, fuwele zake huvimba na kusukuma. Saruji haipindi, hivyo huachia kwa bamba zima, na ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Rangi ya plastiki hufanya kosa lile lile kwa mwendo wa pole: kwanza malengelenge, kisha magamba.

Tiba yake: ondoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha, maana jiwe laini litapasuka ndani usione. Chokoa viungo vilivyolegea. Kabla ya yote, tafuta maji yanatoka wapi. Mfereji wa paa ulioziba au mtini uliootea kwenye ufa utaiharibu kazi mpya ndani ya masika mawili. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, uwe na unyevu bila kutiririka. Changanya chokaa iliyolazwa vizuri shimoni sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe mkali wenye punje za ukubwa tofauti, na usiwe wa ufukweni, usije ukarudisha chumvi uliyoifukuza. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hadi 15. Ukitaka unene, subiri tabaka la kwanza lishike. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa na uyanyunyizie kwa wiki nzima. Mafundi wengi huharibu hapo: jua la saa nane likiipiga chokaa mbichi, inakauka kabla haijakaza, inakuwa vumbi ukiipitisha kidole. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mkono mmoja mzito hubanduka.

Na paa, ndiyo, ni kweli. Nyumba za mji hubeba dari zake kwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita 3. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Ukumbi wa kanisa hauwezi kubanwa hivyo. Steere akaacha boriti kabisa, akamwaga kuba la zege lenye kokoto za matumbawe yaliyopondwa na saruji kutoka Ulaya. Watu walitabiri litaanguka. Ukisimama chini yake, tazama jinsi kuta za pembeni zilivyo nene: kuba husukuma nje, si chini tu, na unene huo ndio unaojibu msukumo.

*Nimekwenda Minara Miwili mara mbili, nimekuta imefungwa. Nifanyeje nipate picha za ndani? — Mpiga picha, Mombasa*

Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu miaka ya 1890, na umbo lake huhusishwa na kanisa kuu la Marseille. Minara yake utaiona ukiwa bado majini, lakini ukishaingia vichochoroni inapotea, maana majumba yamelibana pande zote. Mlango wa mbele mara nyingi hufungwa nje ya saa za misa. Njia ni ya nyuma, kupitia ua: piga hodi, salimia, eleza shida yako. Au fika nusu saa kabla ya misa, kaa, sali kama unasali, na baada ya baraka ya mwisho muombe mhudumu dakika 20 kabla hajafunga.

Ndani ni giza, vioo vya rangi vinang'aa, na kamera haiwezi kuvipenda vyote viwili. Pima mwanga wa dirisha peke yake kwa picha ya kioo, halafu piga nyingine ukipimia ukuta. Kwa mkono bila stendi, ISO 1600 hadi 3200, f/4, sekunde 1/30, mgongo ukiegemea nguzo. Kwa simu, gusa dirisha kwenye kioo kisha shusha mwanga kwa kidole. Stendi iombewe ruhusa, na flashi usiwashe. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera mkobani dakika 20 ipate joto la nje, la sivyo lenzi itafunga ukungu saa ile ile unayoihitaji. Anayesali asipigwe picha hata kwa mgongo.

Na ukiwa Mombasa, usidharau la nyumbani. Kanisa kuu la Kianglikana la Barabara ya Nkrumah, la mwaka 1905, lina kuba na matao ukutani ambayo mgeni huyadhania msikiti. Nalo liko kisiwani.

*Wazee wetu husema asili ya mji wa Masasi ni Unguja. Je, kuna mahali pa kwenda kuona? — Msomaji, Masasi*

Wazee wenu wamesema kweli, na pa kwenda ni Mbweni, kusini mwa mji, njia ya uwanja wa ndege. Misheni ilinunua shamba hapo 1871 kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la watu hao kwenda bara, wakaweka makazi Masasi.

Panda daladala ya Uwanja wa Ndege, mwambie konda akushushe njia panda ya Mbweni, kisha tembea kuelekea baharini. Kanisa la Mtakatifu Yohana ni dogo na limetulia, la mwanzoni mwa miaka ya 1880. Huenda likafungwa, basi uliza nyumba za jirani nani ana ufunguo, na beba noti ndogo kwa ajili ya sadaka. Makaburini yumo Caroline Thackeray, aliyeiongoza kwa miaka mingi shule ya wasichana waliokombolewa. Magofu ya shule hiyo yako karibu na bahari, kwenye eneo la watu binafsi. Omba ruhusa getini.

Kama unatafuta majina, nenda na tochi. Maandishi yaliyofifia hayasomeki jua likiwa utosini. Fika asubuhi au jioni, au funika kaburi kwa kanga na umulike tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya jiwe: kila mchoro utatoa kivuli chake. Usisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki. Ukoga ukiziba herufi, maji na kitambaa laini vinatosha.

*Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Muscat, bibi yangu ni wa Malindi ya Unguja. Naweza kuingia makanisa haya? Nivae nini? — Msomaji, Muscat*

Karibu nyumbani, dada. Unaingia kama mgeni yeyote. Viatu havivuliwi. Mtandio wako hauna tatizo, mabega na magoti yafunikwe. Wanaume hufunua kichwa kanisani. Ndugu yako mwenye kofia ya kiua aulize mlangoni kabla ya kupita. Ukikuta ibada, kaa benchi la nyuma, simama wenzako wakisimama, na wakati wa komunyo baki ulipokaa, hakuna atakayekushangaa. Ikiwa ni Ramadhani, mkumbushe Mkristo uliyefuatana naye asitoe chupa ya maji kichochoroni.

*Je, Wareno hawakuacha kanisa Unguja? — Msomaji, Kigoma*

Waliacha, ila limemezwa. Walijenga kanisa mbele ya Forodhani kati ya 1598 na 1612. Waomani walipowatoa mwaka 1698 wakajenga Ngome Kongwe papo hapo, na mabaki ya kanisa yakaingizwa ukutani. Ukiwa uani mwa ngome, yatafute ndani ya kuta zenyewe. Muulize mlinzi akuonyeshe, usipitwe ukidhani ni ukuta tu. Ukitaka la Kireno lililosimama zima, itabidi uende Kisiwa cha Msumbiji, kuna Nossa Senhora do Baluarte ya mwaka 1522, kwenye ncha ya kisiwa, nyuma ya ngome. Beba kofia na maji.